Swali la Tisa, Kipengele (d)

Umeme umekatika tena hapa Newala.
Nasahihisha kwa tochi ya simu
niliyoiegemeza kwenye kopo la chumvi,
karatasi arobaini na tatu za Darasa la Sita,
na swali la tisa nililitunga mwenyewe:
"Taja mambo manne yanayoiwezesha Dunia kubeba uhai."

Somo tulilisoma msimu wa korosho.
Tufe la shule lilipasuka enzi za mwalimu mkuu aliyepita,
nikaomba bati, makaa, na korosho ghafi za kuokota.
Moja nikaitia katikati ya moto,
moja kando, moja mbali kule mchangani.
Ya kwanza ikalipuka, ikatema mafuta,
Nandonde akaruka dawati.
"Hiyo," nikasema, "ni Zuhura."
Ya mbali ilibaki mbichi, baridi kama pua ya mbwa.
"Hiyo Mirihi."
Ya kando ikaiva taratibu, nikaibangua, nikaiinua juu,
na kabla sijaitaja jina
Bakiri alikuwa ameshaila.
Kwa hiyo Dunia, mwaka huu,
imo tumboni mwa Bakiri Chilumba.

Alhamisi nikawapeleka ukingoni, Shimo la Mungu,
saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Ukungu ulikuwa umelijaza bonde lote,
Ruvuma haionekani, wala ng'ambo.
Nikawaambia: tazameni shuka hilo.
Hewa nayo ni shuka. Tukivuliwa,
mchana utatubabua,
usiku utatugandisha pamoja na ndoo zetu.
Na sumaku iliyo ndani ya ardhi ni chandarua:
nyuzi zake huzioni,
ila mbu wa jua huzigonga wakageuka.
Waliandika. Wengine waliandikia magotini,
mmoja mgongoni mwa mwenzake.

Sasa ndiyo navuna.
Maji. Hewa. Umbali wa kiasi kutoka kwenye jua.
Wote hivyo hivyo, kama waliokopeshana.
Kwenye (d), sumaku; mmoja kaandika "sumaku ya Mwalimu",
nikampa.
Bakiri kaandika "korosho".
Nikacheka peke yangu, nikamtia kosa.

Halafu karatasi ya Somoe Mkwavila.
Mwandiko wake umelala upande
kama wa mtu aliyezoea kubeba kitu mkono mmoja.
(a) Hewa.
(b) Joto la kiasi.
(c) Maji, na hapo, nje ya mstari, kwa herufi za sisimizi:
"Mwalimu ulisema karibu robo tatu ya uso wa Dunia ni maji.
Mbona sisi tunanunua?"
(d) Bibi.

Basi. Bibi, na nukta.

Mwongozo wa kusahihishia haumjui.
Mimi namjua. Hupita dirishani kwangu kabla ya adhana,
ndoo mbili tupu zikigombana,
akiteremka bondeni.
Saa tatu hupanda tena, moja kichwani juu ya ngata,
moja mkononi, hasalimii, anahema tu,
nami niko ubaoni nafundisha kwamba moshi hupanda,
mvuke hupanda,
maji hushuka.

Sikuwafundisha sehemu iliyobaki:
kwamba huku juu kwetu maji hushuka
mpaka atokee mtu wa kuyabishia.
Wataalamu wameelekeza vioo vyao mbinguni miaka mingapi,
na sijasoma popote
kuhusu sayari nyingine yenye ndoo.

Kalamu nyekundu inaning'inia.
Nikimpa, mkaguzi ataniuliza bibi yumo sura ya ngapi.
Nikimnyima, alfajiri nitazisikia zile ndoo.

Simu imebaki asilimia nne.
Naweka alama moja, na pembeni, kwa wino uleule:
"Sahihi. Ila jibu ni fupi mno. Taja jina lake."

Kisha giza,
na ya Bakiri bado sijairudia.